Seva ya Mafaili Nyumbani kwa Bajeti Ndogo: Nunua Diski Kwanza, Kompyuta Baadaye

Anayekwenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta vifaa vya seva ya nyumbani huanza kuulizia kompyuta: prosesa gani, memori kiasi gani, bei ya mwisho ngapi. Namshauri aanzie kwingine. Ajiulize picha za harusi, video za watoto, vyeti vilivyoskaniwa na hesabu za duka vitakaa kwenye diski ngapi, na kama diski moja ikifa usiku wa leo, kesho asubuhi atabaki na nini. Jibu la hapo ndilo linaloamua fedha ziende wapi. Kompyuta ikiungua, unanunua nyingine ya mtumba, unahamisha diski na maisha yanaendelea. Diski ikifa bila nakala, hakuna duka linalouza kilichokuwamo.

Seva ya mafaili ni kompyuta ya kawaida inayowaka muda wote, imechomekwa kwenye ruta, na kila simu, laptopu na TV ya nyumba hiyo inaweza kuweka na kuchukua mafaili humo. Kwa watu wa kwetu, faida yake kubwa ni bando. Mafaili yanayotoka kwenye simu kwenda kwenye seva kupitia waifai ya nyumbani hayagusi intaneti hata kidogo, kwa hiyo hayali data. Tangu tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kuhifadhi picha bila kikomo bure, na GB 15 za akaunti ya bure zinagawanywa kati ya picha, barua pepe na nyaraka. Familia yenye simu tatu huzijaza mapema, na kupandisha GB 500 za video mtandaoni kwa bando la simu ni gharama isiyobebeka.

Yapo masanduku yaliyo tayari, kama ya Synology na QNAP. Ni mazuri na yanatulia, lakini sanduku lenye nafasi mbili huuzwa mara nyingi bila diski, na likiharibika hupati kipuri mtaani. Kompyuta ya ofisi ya mtumba anaifungua fundi yeyote.

Bajeti yenyewe ningeigawa hivi: nusu iende kwenye diski, robo kwenye kulinda umeme, na robo iliyobaki itoshe kompyuta na nyaya. Wengi hufanya kinyume chake, wakaishia na mashine yenye nguvu inayobeba diski moja iliyochoka.

Kompyuta

Tafuta zile za ofisini zinazoingia kwa makontena: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Intel Core i3 au i5 ya kizazi cha nne hadi cha sita, yenye memori GB 8, inatosha na kubaki. Kugawa mafaili si kazi nzito, na hata GB 4 zitakwenda kama hutaki mambo ya ziada.

Kinachohitaji macho ni umbo. Zile ndogo kabisa zinazoshikika kwa mkono mmoja zinavutia, lakini ndani huingia diski ndogo ya laptopu moja tu, nyingine zote zitaning'inia nje kwa USB. Chukua ya mnara au ya umbo la kati, na kabla hujatoa hela mwombe muuzaji afungue kifuniko. Hesabu mambo matatu: nafasi za kufunga diski kubwa, matundu ya SATA kwenye bodi, na vichwa vya umeme vya SATA vinavyotoka kwenye pawasaplai. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Kompyuta nyingi za ofisini zina pawasaplai ya muundo wake, yenye vichwa vichache, na huwezi kuibadilisha na yoyote ya dukani. Vichwa visipotosha, usikubali kiunganishi cha bei ya chini cha kutoka Molex kwenda SATA ambacho plastiki yake imemiminwa ikafunika nyaya moja kwa moja. Nyaya ndani yake zinaweza kugusana zikashika moto. Chukua kile ambacho nyaya zake zimebanwa kichwani, unaziona zinavyoingia mmoja mmoja.

Piga na hesabu ya umeme. Kompyuta ya kizazi nilichotaja, ikiwa na diski mbili na haina kazi kubwa, hula takriban wati 30. Zidisha kwa saa 24 na siku 30: unapata uniti 21.6 kwa mwezi. Mnara wa zamani zaidi, wa enzi za Core 2 au Pentium 4, unaweza kula wati 90 bila kufanya lolote, ambazo ni karibu uniti 65. Utapewa kwa bei ya chakula cha siku mbili, kisha utalipia tofauti hiyo kila mwezi kwenye tokeni. Kwa Tanzania, wale walio kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, wahesabu kwa makini zaidi, kwa sababu kuvuka hapo huleta bei ya juu zaidi ya uniti.

Na kama bajeti ni finyu kweli, laptopu yenye kioo kilichovunjika ni seva nzuri kuliko watu wanavyodhani. Inakula umeme kidogo, na betri yake inafanya kazi ya UPS. Chomeka diski mbili za nje zile ndogo zinazopata umeme kwenye USB, si zile kubwa zenye adapta yake ukutani: umeme ukikatika, betri ya laptopu itaendelea kuzilisha na hazitazimika ghafla. Ikague betri kwanza. Iliyoanza kuvimba itolewe siku hiyo hiyo, maana kifaa hiki kitakuwa kwenye chaji mchana na usiku.

Diski

Hapa ndipo pa kutuliza kichwa.

Diski kubwa za siku hizi zinaandika kwa njia mbili. CMR huweka kila mstari wa data peke yake. SMR huilaza mistari ikikaliana kama vigae vya paa ili iingie mingi zaidi. Kusoma hakuna tatizo, lakini kuandika upya mstari mmoja kunalazimu kuandika na jirani zake, na kazi ndefu inaweza kuburuta kwa saa nyingi. Aprili 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za WD Red za TB 2 hadi 6, zilizouzwa mahususi kwa seva za nyumbani, zilikuwa SMR. Baadaye jina WD Red Plus likatengwa kwa zile za CMR. Kwa hiyo usinunue kwa rangi ya stika. Soma namba ya modeli, itafute kwenye jedwali la mtengenezaji, ujue ni ipi. SMR haifai kwa RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, lakini kwa diski ya nakala inayoandikwa mara moja usiku, inavumilika.

Maduka mengi ya kwetu hayana diski za seva, ila karibu kila duka la vifaa vya ulinzi lina diski za CCTV: WD Purple na Seagate SkyHawk. Zimetengenezwa kuandika saa 24 bila kupumzika, na kwa matumizi ya nyumbani zinafaa. Ukikosa diski za seva, nenda kwenye duka la kamera.

Za mtumba je? Ningechukua, lakini kwa ukaguzi na kamwe si kwa nakala pekee. Nenda na laptopu yenye CrystalDiskInfo na adapta ya SATA kwenda USB, ichomeke diski mbele ya muuzaji, soma ripoti ya SMART, yaani ya hali ya diski. Mistari ya kuangalia ni namba 5, 197 na 198: sehemu zilizokufa zikahamishwa, zinazosubiri kuhukumiwa, na zilizoshindwa kusomeka. Zote zinatakiwa ziwe sifuri. Ikitokea hata moja ina namba, mrudishie mwenyewe. Programu hiyo huonyesha namba hizi kwa mtindo wa kihesabu wenye herufi, kwa hiyo badilisha mpangilio uonyeshe namba za kawaida kabla ya kusoma. Mstari namba 9 ni saa ambazo diski imewaka. Mwaka una saa 8,760, basi diski yenye saa 40,000 imefanya kazi miaka minne na nusu bila kuzimwa. Mstari namba 199 ukipanda, mara nyingi tatizo ni waya tu.

Saa hizo nazo huchezewa. Mapema mwaka 2025, huko Ujerumani, ziligunduliwa diski za Seagate zilizouzwa kama mpya huku kumbukumbu ya kawaida ya saa ikiwa imefutwa. Kumbukumbu ya pili ya ndani, inayoitwa FARM, ndiyo iliyofichua kwamba zilikuwa zimewaka maelfu ya saa. Programu ya smartctl toleo la 7.4 na kuendelea inaisoma kumbukumbu hiyo kwa diski za Seagate. Ukishaisakinisha seva, fanya kipimo hiki kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.

Tahadhari nyingine ni SSD za nje zinazotangazwa kuwa na TB 2 kwa bei ya fleshi. Ndani huwa na chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Inakubali mafaili yote, kisha yanayozidi yanapotea kimya kimya. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza diski na kuisoma tena mpaka ukweli ujulikane.

Nunua mbili za ukubwa sawa, ikiwezekana kutoka maduka tofauti au za tarehe tofauti, kwa kuwa zilizotoka kiwandani pamoja na kufanya kazi ileile zinaweza pia kuchoka pamoja. Tatu ingekuwa bora, na nitaeleza kwa nini.

Umeme na waya

Kwetu umeme hukatika, na pia hurudi kwa kishindo. UPS ya VA 650 inatosha seva ya wati 30 pamoja na ruta, tena kwa dakika za kutosha. Chagua yenye tundu la USB la mawasiliano, hata kama bei inaongezeka kidogo: kupitia hilo, programu iitwayo NUT huisikia betri ikikaribia kuisha na kuizima seva kwa utaratibu. UPS isiyo na tundu hilo inaahirisha ajali tu, kwani umeme ukichelewa, seva itazimika ghafla vilevile. Betri zake ni za asidi na joto la pwani linazila, kwa hiyo weka akilini kuibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Ingia pia kwenye BIOS, kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, utafute mpangilio unaosema mashine ifanye nini umeme ukirejea. Kwenye Dell unaitwa AC Recovery. Uweke iwake yenyewe. Vinginevyo, kila umeme unapokatika ukiwa safarini, seva italala hadi urudi.

Mahali pa kuiweka pawe na hewa, mbali na dirisha la upande wa bahari na mbali na jiko. Chumvi na unyevu huleta kutu kwenye viunganishi, na vumbi huziba feni. Joto la diski likibaki chini ya nyuzi 45, uko salama.

Kuhusu waya, seva iunganishwe na ruta kwa kebo, isitumie waifai. Angalia ruta yako: nyingi za bei nafuu, kama TL-WR840N ya TP-Link, matundu yake mwisho ni megabiti 100, yaani kama MB 11 kwa sekunde. Kuhamisha TB 1 kwa mwendo huo ni zaidi ya siku nzima, saa 25. Swichi ndogo ya gigabiti yenye matundu matano, pamoja na kebo ya Cat5e ya shaba halisi, huipeleka kazi hiyohiyo kwa kama saa mbili na nusu. Kifaa kidogo cha mfukoni cha 4G kisicho na tundu la waya hakifai hapa. Tafuta ruta yenye tundu, hata kama haina intaneti. Seva haihitaji intaneti ili kugawa mafaili ndani ya nyumba.

Programu

Kwa anayeanza, napendekeza OpenMediaVault. Ni ya bure, imejengwa juu ya Debian, imekuwapo tangu 2011, na unaiendesha kwa kubofya kwenye kivinjari. TrueNAS nayo ni nzuri sana, lakini inataka memori GB 8 kama kianzio na inadhani una diski kadhaa zinazofanana; iache kwa siku utakayokuwa nazo.

Pakua faili la OpenMediaVault, liandike kwenye fleshi kwa Rufus au balenaEtcher, kisha uwashe kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo. Mfumo ukae kwenye SSD yake ndogo ya GB 120, ambayo kwa mtumba huuzwa kwa bei ya kawaida. Wakati wa kusakinisha, chomoa diski za data kabisa. Kisakinishi hufuta diski unayokionyesha, na ukikosea mstari mmoja huna pa kulalamika. Kikimaliza, zirudishe, chomeka kebo, na kwenye laptopu nyingine fungua kivinjari uandike anwani itakayoonekana kwenye skrini ya seva. Jina la kuingilia ni admin, neno la siri ni openmediavault. Badilisha neno hilo kabla ya jambo lingine lolote. Kisha nenda kwenye ruta uiambie iipe seva anwani ileile siku zote, la sivyo kila ruta ikizimwa njia za mkato kwenye simu na laptopu zitapotea.

Baada ya hapo mpangilio ni ule ule kila mara: futa diski, iumbie mfumo wa mafaili wa ext4, ipachike, tengeneza folda ya kushirikiana, tengeneza mtumiaji kwa kila mwanafamilia, mpe ruhusa, washa huduma ya SMB ya kugawa mafaili, ongeza folda humo. Kila unapobadilisha kitu, ujumbe wa njano hujitokeza juu ukitaka uthibitishe. Usipouthibitisha, hakuna kilichobadilika, na hilo ndilo huwachanganya wengi mwanzoni. Usijaribu kuwaruhusu watu waingie bila neno la siri ili kurahisisha: matoleo mapya ya Windows 11 yanakataa wageni, na ni sahihi yafanye hivyo.

Kwenye Windows unaandika mikwaju miwili ya kulalia nyuma na anwani ya seva kwenye sehemu ya juu ya dirisha la mafaili. Kwenye iPhone, programu ya Files ina sehemu ya kuunganisha na seva. Kwenye Android, FolderSync inaweza kutuma picha zenyewe kila simu inapofika kwenye waifai ya nyumbani, na folda ya WhatsApp ijumuishwe, kwa kuwa nusu ya historia ya familia nyingi imo humo. Ukitaka kuziona picha kwa sura na tarehe kama kwenye Google Photos, programu ya Immich inafanya hivyo, ila isakinishwe baada ya mambo ya msingi kutulia.

Nakala

Sasa zile diski mbili. Ushauri unaozagaa ni kuziweka RAID 1, kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye nyingine papo hapo. Kwa nyumba ya bajeti ndogo mimi sikubaliani nao. RAID inakulinda dhidi ya jambo moja tu, diski kufa. Mtoto akifuta folda, imefutwa kote sekunde hiyo hiyo. Kirusi kikifunga mafaili, kimeyafunga kote. RAID ni ya ofisi isiyoweza kusimama hata saa moja. Nyumbani unaweza kusubiri hadi jioni.

Badala yake, diski ya kwanza iwe ya kazi na ya pili ya nakala. Kila usiku, tuseme saa nane, programu ya rsync inanakili mabadiliko kutoka ya kwanza kwenda ya pili. OpenMediaVault ina sehemu yake ya kuratibu kazi hiyo. Hakikisha alama ya kufuta kwenye nakala kilichofutwa kwenye asili haijawekwa. Aliye tayari kujifunza zaidi atumie rsnapshot, inayotunza sura ya kila siku na ya kila wiki huku faili lisilobadilika likichukua nafasi mara moja tu, hivyo unaweza kurudi kwenye faili lilivyokuwa Jumanne iliyopita.

Diski ya tatu ni ya nje, ya USB, na makazi yake si nyumbani kwako. Mwizi anayebeba seva anabeba diski zote mbili, na radi au mafuriko hayachagui. Ilete mara moja kwa mwezi, ichomeke. Kiongezi cha USB Backup cha OpenMediaVault kinaweza kuanza kunakili chenyewe mara kinapoitambua. Kisha irudi kwa mama mkubwa, kwa ndugu, au kwenye droo ya ofisini. Kama hali inaruhusu diski mbili tu, basi hii ya kuhama ndiyo iwe ya pili, kuliko ile ya ndani.

Usiifungulie seva mlango wa kuingilia kutoka intaneti kupitia ruta. Juni 2021, watu wengi duniani waliamka wakakuta diski zao za My Book Live zimefutwa zote kutoka mbali. Januari 2022, wahalifu wa DeadBolt walifunga masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi mtandaoni wakadai fidia. Ukitaka kufikia mafaili ukiwa safarini, tumia programu ya Tailscale, ambayo ina mpango wa bure kwa mtu binafsi na hupita hata pale kampuni ya simu inapokupa anwani ya kuchangia na wateja wengine. SMB toleo la kwanza, lililobeba kirusi cha WannaCry mwaka 2017, lizimwe, hata kama TV ya zamani inalitaka.

Mwisho, jaribu kurudisha. Chagua folda moja yenye picha za mwaka juzi, ifungue kutoka kwenye diski ya nakala ukitumia kompyuta nyingine kabisa, uone kama picha zinafunguka. Windows haisomi ext4 moja kwa moja, kwa hiyo kuwa na fleshi ya Linux inayowaka bila kusakinishwa, na umwonyeshe mtu mmoja zaidi wa nyumba hiyo jinsi ya kuitumia. Fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, na siku hiyo hiyo usome tena mistari 5, 197 na 198 ya kila diski. Mojawapo ikiondoka sifuri, anza kutafuta diski nyingine wiki hiyo.